Maji Yalichemka, Auleria Hakusikia

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo. Wewe uliyeko shambani na redio umeitundika kwenye mkorosho, karibu. Wewe uliyeko jikoni, karibu pia, lakini kwako nina ombi kabla hatujafika mbali. Kama kuna beseni la maji ya moto hapo mbele yako, na kuna mgonjwa anasubiri kukandwa miguu, chovya humo kwanza mkono wako. Usimwulize mgonjwa. Chovya wewe.

Leo tunamkumbuka Auleria. Auleria, fundi cherehani wa Chinongwe, wilayani Ruangwa. Ametutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa 2006. Ameacha mama yake mzazi, Bibi Letisia. Ameacha binti yake, Jenifa. Na ameacha mtani wake, Fatma. Hao watatu ndio walioketi wakasimulia haya, na Bibi Letisia alitoa sharti moja tu. Alisema: "Msinifiche. Semeni na mimi nilifanya nini, maana kuna mama mwingine anakoka moto sasa hivi."

Haya. Tusimfiche.

Auleria alikuwa mtoto wa kufumua. Nguo ikianikwa uani, anaigeuza ndani nje aone uzi umepita wapi. Siku moja akaifumua suruali ya baba yake, ile ya Krismasi, apate kuona mfuko huingiaje. "Nilimchapa," anasema Bibi Letisia. "Nilimchapa huku anashona. Lakini alipoirudishia, mfuko ulikaa vizuri kuliko wa mwanzo. Baba yake akaivaa kanisani, hakujua kitu."

Alipokuwa mtu mzima, cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka pale Chinongwe. Cherehani ya miguu, ya kukanyaga pedali. Januari alishona sare za shule. Kabla ya Pasaka, majoho ya kwaya. Kabla ya Idi, kanzu. Mkristo yule, na kanzu zake zilisifiwa mpaka Mtua.

Kwenye baraza ile ile alikaa Fatma na kikaango chake cha vitumbua. Fatma ni Myao. Auleria ni Mmwera. Basi ninyi wa huku mnajua, hao ni watani. Mtani anakutukana mbele ya watu na wewe unacheka. Ndiyo heshima yenyewe. Hayo yalianza asubuhi na kuisha jua likizama.

"Mmwera, leo umeoga au umejipangusa?"

"Nimeoga maji yote mtoni, Myao, nimekuachia matope."

"Haya, shona. Ukifa cherehani hiyo narithi mimi."

"Uishonee nini, na vidole vyako vya kukoroga unga?"

Watu wanacheka, wananunua vitumbua, wanakwenda zao. Lakini mlishike neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Fatma alisema, mbele ya watu: ukifa, cherehani narithi mimi. Neno hilo lilikuja kumgeukia.

Ugonjwa ulianzia vidoleni mwa miguu. Ilikuwa mwaka 1996, msimu wa korosho. Auleria alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Mama, miguu inawaka."

Bibi Letisia akaishika, akaigeuza, akatazama nyayo. Hakuna jeraha. Hakuna mwiba. Hakuna uvimbe.

"Inawaka wapi?"

"Ndani. Kama nimekanyaga makaa, halafu makaa yakabaki humo humo."

Ikawa hivyo kila siku. Mara miguu inawaka. Mara inachomachoma kama sindano. Mara anasema sisimizi wanamtembea chini ya ngozi, anakuna na hawapo. Akilala, hata shuka ilimchoma. "Mama, hii shuka mmeianika kwenye upupu?" Ikapanda kutoka vidoleni hadi vifundoni, kutoka vifundoni ikakaribia magoti. Kisha ikaanza mikononi. Fundi wa kutunga uzi bila kutazama akaanza kuangusha sindano. Jenifa, aliyekuwa bado shule ya msingi, ndiye akawa anamtungia.

Kila mtu akawa tabibu. Huyu akasema ni baridi yabisi. Huyu, damu imepungua, anywe majani ya matembele. Yule, ni ile pedali, apumzike. Dawa za maumivu za dukani alizimeza mpaka tumbo likamchoka. Wala hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alisema alichokijua.

Lakini kulikuwa na mambo mengine, na Bibi Letisia aliyaona yote. Mama huona. Aliona mtungi wa maji unakwisha kabla ya jioni, na anayeumaliza ni mmoja. Aliona mwanawe anakwenda uani kukojoa, anarudi, anakwenda tena. Aliona sisimizi, hawa wa kweli sasa, wamejipanga mstari hadi pale anapokojolea. Aliwafagia. Kesho yake wamerudi. Akawafagia.

Na Auleria alikuwa anapungua. Fundi hana haja ya mizani. Alizibana gauni zake mwenyewe ubavuni, na baada ya muda akazibana tena. Fatma akamwambia, "Mtani, unayeyuka kama sabuni ya kipande. Au unaharakisha nirithi?" Auleria akacheka. Waliokuwepo, safari hii, hawakucheka wote.

Kiu. Mkojo mwingi. Kukonda. Miguu kuwaka. Sisimizi kwenye mkojo. Nimeyataja pamoja leo kwa sababu ninajua mwisho wake. Pale nyumbani hayakuja pamoja. Yalikuja moja moja, kama wageni wasiojuana.

Ndipo akaja mjomba Agapiti, kaka yake Bibi Letisia. Kwetu mjomba si mtu wa kupita na kusalimia. Mtoto wa dada ni wake. Akikaa kwenye kiti, kikao kimeanza.

"Amekanyaga," alisema. "Ametegewa kitu njiani akakikanyaga. Ugonjwa wa kawaida hauanzii nyayoni ukapanda. Sasa niambieni, nani anakitamani kitu cha mtoto huyu?"

Jirani mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Fatma alisema atairithi cherehani."

"Ule ni utani, kaka," Bibi Letisia akasema. "Kila siku wanasemana hivyo."

"Utani una mlango wa nyuma, Letisia. Anayetaka kukuua kwa nini asikuambie huku anacheka?"

Bibi Letisia anasema neno lile lilimwingia kama maji kwenye nyufa. Kwa sababu alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa akipewa jina la kulishika, analishika.

Asubuhi mjomba Agapiti akaenda barazani, akasimama mbele ya kikaango. "Fatma, kiko wapi ulichokifukia?"

Na Fatma, wasikilizaji wapendwa, akadhani ni utani. Mjomba wa mtani wako naye ni mtani wako. Akapiga kicheko. "Nimekifukia chini ya vitumbua, mjomba! Nunua kumi, utakiona!"

Alipoinua macho hakuona anayecheka. Siku ile ile alikihamisha kikaango chake. Kisimani wanawake wakaacha kuitikia salamu yake. Auleria peke yake alisema, "Mwacheni Fatma. Ningekuwa nimetegewa na yeye, angeshakuja kunicheka." Lakini mgonjwa hasikilizwi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo linalotisha kuliko yote. Maumivu yalinyamaza.

Ndiyo. Mwishoni mwa mwaka 1997 Auleria aliamka akasema, "Mama, leo miguu haiwaki." Kesho yake pia haikuwaka. Bibi Letisia akapiga kigelegele uani, peke yake, kikasikika hadi kwa majirani. Mwanangu amepona!

Siku moja Auleria akarudi kutoka dukani, amevaa ndala moja. Jenifa akaja nyuma yake mbio, ameshika nyingine. "Mama, umeacha ndala njiani!" Auleria akatazama mguu wake mtupu, akashangaa, akacheka. Nyumba nzima ikacheka. Mtu anavuka changarawe pekupeku na hajui!

Hakuwa amepona. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ile sauti iliyokuwa inapiga kelele ndani ya miguu yake ilikuwa imechoka kuita. Mguu ukilia, una habari ya kukupa. Ukinyamaza ghafla bila dawa, mama, usipige kigelegele. Uliza.

Kwa kuwa alikuwa bado anakonda, mjomba Agapiti akasema kitu kile hakijatoka, kimelala tu. Akampeleka kwa mganga Kaimu. Wasikilizaji, Kaimu hakuwa mtu mbaya. Watu wengi aliwasaidia kwa mizizi yake, na siku ile alifuata utaratibu aliofundishwa na waliomtangulia. Utaratibu ulikuwa huu: mizizi inachemshwa, maji yanamiminwa kwenye beseni, mgonjwa anatumbukiza miguu. Maji yakimuuma, dawa imeingia. Asipoumia, dawa bado. Ongeza moto.

Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Mwaka ule wa Elnino, mnaukumbuka. Bibi Letisia ndiye aliyepewa kazi ya kuchota kutoka kwenye chungu na kuongeza. Auleria aliketi kwenye kigoda, kanga ameifunga magotini, miguu ndani ya beseni.

"Yanauma?" Kaimu akauliza.

"Hapana. Ya vuguvugu."

"Ongeza, mama."

Bibi Letisia akaongeza kata moja. Mvuke ukapanda.

"Sasa?"

"Bado. Kama ya mtoni tu."

Mjomba Agapiti akatikisa kichwa. "Mnaona? Mnaona alivyofungwa? Ongeza, Letisia."

Akaongeza. Auleria alikuwa ametulia, anazungumza habari za sare za Januari, vitambaa havijafika, wazazi watamlaumu. Anazungumza huku mvuke unamfunika magoti. Bibi Letisia akachota tena. Kata ikatikisika, tone likamdondokea kwenye kidole cha mguu wake yeye mwenyewe. Akaruka. Kata ikaanguka.

Akasimama akilitazama lile beseni. Tone moja limemrusha. Mwanawe amekaa ndani yake.

Akapiga magoti, akatumbukiza mkono. Akautoa kwa ukelele uliowatoa watu majumbani mwao kwenye mvua. "Mtoeni! Mtoeni! Mnampika mwanangu!"

Auleria akamtazama. "Mama, una nini? Maji ya baridi haya."

Walipoinua mguu wa kushoto, ngozi haikuja nao.

Tusimame kidogo hapo.

Wakampaka mafuta, wakamfunga majani. Kidonda kikawa kibaya kwa haraka kuliko kidonda cha mtu yeyote waliyewahi kumwona. Kikatoa harufu. Homa ikapanda. Auleria akaanza kusema maneno yasiyofuatana. Bibi Letisia akasema, "Twende Nachingwea, hospitali." Mjomba Agapiti akasema barabara imekatika, lori haliwezi kufika Chinongwe, tusubiri mvua ipungue, na Kaimu arudie dawa.

Ndipo Fatma akatokea. Alikuja kwenye matope, anasukuma baiskeli ya mumewe, kanga imemganda mwilini kwa mvua. Akasimama uani. Hakupiga hodi ya kawaida.

"Mchawi amekuja," alisema. "Mpandisheni mtani wangu."

Mjomba Agapiti akasimama mlangoni. "Hapandi baiskeli yako."

"Basi mwache afie mikononi mwako, mjomba, halafu mimi nirithi cherehani. Si ndivyo mlivyosema?"

Bibi Letisia alikuwa katikati yao. Nyuma yake kaka yake, ambaye tangu wazaliwe hajawahi kumpinga. Mbele yake mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikataa salamu yake kisimani. Ndani, mwanawe anaita watu waliokwisha kufa.

"Kaka," alisema, "nipishe."

Mjomba hakupisha. Bibi Letisia akapita ubavuni kwake, akamsukuma. Anasema hadi leo bega lake linaukumbuka mlango ule. Akamtoa Auleria, wakamkalisha nyuma ya baiskeli, Fatma akamfunga kwa kanga yake asianguke. Wakasukuma. Jenifa nyuma anashika mguu usiguse matope. Kwenye kila dimbwi walibeba, mtu na baiskeli. Walipofika barabara kubwa wakalipata lori la korosho linalokwenda Nachingwea, na dereva akawapandisha juu ya magunia.

Hospitalini waliwakuta wagonjwa wengi, na tabibu kijana, jina lake Dickson. Alikifungua kidonda, akauma midomo, akaanza kuuliza.

"Mama, anakunywa gongo?"

"Hapana, mwanangu. Ni mwanakwaya."

"Aliwahi kumeza dawa za kifua kikuu? Zile zinaweza kuwasha miguu moto."

"Hapana."

"Ana mabaka mwilini yasiyosikia? Ukoma nao unatia ganzi."

"Hana."

"Alipulizia dawa mikorosho?"

"Mume wake alikuwa akipulizia. Ameshafariki. Yeye hapana."

"Anakula nini? Nyama, mayai, anapata? Au mihogo michungu iliyotayarishwa haraka haraka?"

Bibi Letisia akajibu, akajibu, na kila swali lilimpiga. Alikuwa anatafuta mkono wa mtu mmoja uliofukia kitu njiani. Kijana huyu anafungua njia nyingi, na hakuna hata moja yenye Fatma.

"Ana kiu?" tabibu akauliza.

Bibi Letisia akasema polepole, "Sisimizi."

"Sisimizi gani, mama?"

"Wa uani. Wanafuata mkojo wake. Nilikuwa nawafagia."

Tabibu Dickson akaomba mkojo upimwe pale pale. Damu pia. Majibu yakaja: sukari. Auleria alikuwa na kisukari, na huenda alikuwa nacho kwa miaka. Sukari ikizidi kwenye damu huila mishipa ya fahamu taratibu. Huanzia mbali, vidoleni. Kwanza huwaka. Mwisho hunyamaza.

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Wa kulia ulipona, na makovu.

Auleria alipozinduka vizuri alimwona Fatma amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Jenifa alikuwepo, anayakumbuka maneno yao.

"Myao, uko hapa? Umekuja kuichukua cherehani?"

"Nimekuja kuitazama. Naona ya miguu huiwezi tena. Nimerithi bila kufiwa."

Na Bibi Letisia akaenda akapiga magoti mbele ya Fatma, mbele ya wodi nzima. Fatma akamwinua. "Mama, usiniaibishe. Mtani hapigiwi magoti, anapigwa maneno."

Auleria aliishi miaka minane tena. Sikilizeni, miaka minane, na vidonge vyake vya sukari, na mguu mmoja. Wakaitafuta cherehani ya mkono. Auleria aliongoza kitambaa, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vizito, Fatma alizungusha mkono wa cherehani mpaka Jenifa alipojifunza. Kikaango kilirudi barazani. Kila mteja aliyesema miguu inamchoma, Auleria aliweka mkasi chini. "Unakojoa sana? Una kiu? Unameza dawa gani? Nenda wakakupime." Wengine walirudi wakasema ni dawa, wamebadilishiwa. Wengine ni pombe. Wengine damu. Wachache, sukari kama yeye. Na kila mama aliambiwa neno moja: "Mguu wangu ulisema maji ni ya baridi. Usiuamini mguu wa mgonjwa. Chovya wewe."

Mjomba Agapiti alikuja, baada ya muda mrefu, kushonesha koti. Fatma akampa kitumbua. "Chini yake hakuna kitu, mjomba. Nimetazama." Akakila.

Mwaka huu figo za Auleria zilichoka. Sukari haikumwacha. Alifia nyumbani, mama yake amemshika.

Siku ya mazishi wanawake wa jumuiya walikuwa ndani wakimtayarisha. Fatma ndiye aliyeleta maji ya kumwogesha, kwenye beseni. Mtani ana kazi yake msibani, na watu wote walisubiri aseme. Akaliweka beseni chini. Akatazama cherehani kwenye kona.

"Haya, Mmwera," alisema. "Nilisema narithi. Umenitia kwenye matatizo miaka yote hii, na sasa unaniachia kweli. Amka basi tugombane."

Wanawake wakacheka, na kicheko kikageuka kilio. Mmoja akachota maji ammiminie marehemu. Bibi Letisia akamshika mkono.

"Subiri."

Akainama juu ya beseni. Akakunja mkono wa gauni yake, ile aliyoshonewa na mwanawe. Akachovya kiwiko, akakiacha humo kwa muda. Hakuna aliyemwambia kwamba maiti haiungui. Fatma alipiga magoti kando yake, naye akachovya mkono wake.

"Ya vuguvugu," akasema Bibi Letisia.

"Ya vuguvugu, mama," akasema Fatma.

"Haya. Mwogesheni mwanangu."

Bibi Letisia, Jenifa, Fatma, mjomba Agapiti, na ukoo wote wa Chinongwe: tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Auleria, na awape ninyi mnaobaki usingizi usiokatika.

Na wewe unayesikiliza, una mtu nyumbani anayesema miguu inawaka? Mikono inachomachoma? Alisema lini mara ya mwisho, na wewe ulimjibu nini? Kabla hujatafuta nani amefukia nini njiani, tazama mtungi wake wa maji. Tazama sisimizi wanaelekea wapi. Mpeleke akapimwe angali analalamika.

Na beseni lile hapo mbele yako, mama. Umeshachovya?